Damu na Ubashiri: Historia Fupi ya Alama za Damu katika Saratani ya Figo

0. Utangulizi

Tangu zama za Hippocrates, tabibu amepimwa kwa mambo mawili: kuponya, na kusema mapema ugonjwa utaelekea wapi. Jambo hilo la pili halikuwa dogo kuliko la kwanza. Wakati dawa zilipokuwa chache, mganga aliyeweza kuwaambia jamaa za mgonjwa kama wajiandae kwa uponaji au kwa msiba aliheshimiwa hata alipokuwa hana dawa ya kutoa. Sayansi ya leo haikuufuta wajibu huo. Imebadilisha tu vyombo vyake: mahali pa jicho la mganga pameingia mizani, darubini na hesabu.

Makala hii inakusudia kufuata historia ya ubashiri huo katika ugonjwa mmoja, yaani saratani ya figo, na kwa njia moja, yaani vipimo vya damu. Ugonjwa huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, figo zimekaa ndani sana, nyuma ya matumbo, hata uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila kuonekana wala kuuma. Mara nyingi hugunduliwa ukiwa umekwisha kusambaa katika mapafu au mifupa. Pili, kwa muda mrefu saratani hiyo haikuwa na alama yake maalumu katika damu. Waganga walilazimika kusoma alama za kawaida, zile zile zinazopimwa kwa mgonjwa wa homa au wa kifua kikuu. Swali linaloongoza makala ni hili: namba chache zinazotoka katika damu ya mtu zilipataje mamlaka ya kusema juu ya muda wa maisha yake, na mamlaka hayo yana mpaka gani?

1. Damu katika chombo cha kioo

Kuitazama damu ili kuujua ugonjwa ni desturi ya kale. Katika karne nyingi ambapo wagonjwa wa Ulaya walitolewa damu kama tiba, waganga waliona kwamba damu ikiachwa katika chombo hujigawa: sehemu nyeusi hukaa chini, nyekundu juu yake, na kwa wagonjwa wenye homa kali hutokea tabaka jeupe juu ya pande la damu. Tabaka hilo lilihesabiwa kuwa ishara ya uvimbe-moto mwilini.

Mwaka 1897 Edmund Biernacki, mganga wa Poland, alionyesha kwamba mwendo wa chembe nyekundu kutuama chini ya chombo hutofautiana kufuatana na ugonjwa. Mwaka 1918 Robin Fåhraeus wa Uswidi alilikuta jambo hilo tena alipokuwa akitafuta njia ya kutambua mimba. Akagundua kwamba kutuama haraka hakukuwa dalili ya mimba peke yake, bali ya hali nyingi. Fåhraeus alidhani hata nadharia ya Wayunani kuhusu majimaji manne ya mwili huenda ilitokana na kuitazama damu iliyotuama. Mwenzake Alf Westergren alitengeneza tangu mwaka 1921 namna ya kupima ambayo imebaki na jina lake hadi leo: mrija mwembamba wenye alama za milimita, na saa moja ya kungoja.

Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, waliokuwa wakichunguza wagonjwa wa nimonia katika Taasisi ya Rockefeller huko New York, waliona katika damu yao protini iliyogandamana na sehemu moja ya bakteria. Ilipewa jina la protini tendaji C. Baadaye ilijulikana kwamba hutengenezwa na ini, nayo hupanda kila mwili unapojeruhiwa, hata kama bakteria hiyo haipo.

Vipimo hivyo viwili vina tabia moja ambayo msomaji ataikuta tena hapa chini. Havisemi mwili una ugonjwa gani. Vinasema tu kwamba mwili umeshtuka. Kwa mtu anayetafuta jina la ugonjwa, hiyo ni kasoro. Kwa mtu anayetaka kujua ugonjwa umeulemea mwili kiasi gani, kasoro hiyo hugeuka kuwa faida.

2. Uvimbe unaosema kwa mbali

Saratani ya figo yenyewe ilichelewa kujulikana asili yake. Mwaka 1883 Paul Grawitz wa Ujerumani, alipoona chembe zake zimejaa mafuta, alifikiri kwamba uvimbe huo hautoki katika figo, bali katika vipande vya tezi iliyo juu ya figo vilivyopotelea ndani yake. Fikira hiyo ilidumu miaka mingi na ikaupa ugonjwa jina lisilofaa. Mwaka 1960 Charles Oberling na wenzake wa Ufaransa, wakitumia darubini ya elektroni, walionyesha kwamba chembe hizo ni za mirija ya figo yenyewe.

Wakati huo huo waganga walikuwa wameanza kuona kwamba uvimbe huu hufanya mambo katika viungo ambavyo haujavigusa. Mwaka 1941 Fuller Albright wa Boston alijadili habari za mgonjwa wa saratani ya figo ambaye kalisi ilikuwa nyingi mno katika damu yake. Saratani ilikuwa imeingia mfupani, lakini Albright hakuridhika na maelezo kwamba kalisi imetoka tu katika mfupa ulioliwa. Alikisia kwamba uvimbe wenyewe hutoa homoni inayofanana na ile ya tezi ndogo za shingoni zinazotawala kalisi. Kisio hilo lilingoja zaidi ya miaka 40. Mwaka 1987 makundi kadhaa ya watafiti, huko Australia na Marekani, yaliipata protini yenyewe, na mojawapo liliitoa katika chembe za saratani ya figo zilizokuzwa maabarani.

Mwaka 1961 Maurice Stauffer wa Mayo Clinic alieleza jambo lingine. Wagonjwa wengine wa saratani ya figo walikuwa na vipimo vya ini vilivyoharibika, ilhali ini lao halikuwa na saratani hata kidogo. Figo lenye uvimbe lilipoondolewa, vipimo viliweza kurudi katika hali ya kawaida. Ini lilikuwa likijibu wito uliotoka mbali.

Nani aliyekuwa akiita? Katika miaka ya 1980 na 1990 jibu lilianza kupatikana. Chembe za saratani ya figo zilionekana kutoa dutu inayobeba habari kati ya chembe za mwili, iitwayo interlukini ya 6. Mwaka 1992 kundi la Jean-Yves Blay, nchini Ufaransa, lilionyesha kwamba wagonjwa wenye saratani iliyosambaa ambao damu yao ilikuwa na dutu hiyo kwa wingi walikuwa na maisha mafupi zaidi. Dutu hiyo hulifikia ini na kuliamuru litoe protini tendaji C. Huchochea pia kutengenezwa kwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Tena hulifanya ini litoe homoni inayoifungia madini ya chuma ndani ya ghala zake, na hivyo himoglobini ikapungua. Kwa hiyo upungufu wa damu, wingi wa chembe sahani na kupanda kwa protini tendaji C, mambo yaliyoonekana hayana uhusiano, yanaweza kuwa matawi ya shina moja.

3. Hesabu ya New York

Kujua kwamba alama zipo si sawa na kujua uzito wa kila moja. Kazi hiyo ya pili ilihitaji takwimu. Mwaka 1988 Paul Elson na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 610 wenye saratani ya figo iliyorudi au iliyosambaa. Mambo waliyoyapa uzito yalikuwa ya kitanda na ya historia: nguvu za mgonjwa, muda uliopita tangu ugonjwa ugunduliwe, idadi ya viungo vilivyoingiliwa, tiba zilizotangulia na kupungua uzito. Damu haikuwemo katika hesabu yao.

Iliingia kwa nguvu mwaka 1999. Robert Motzer na wenzake wa hospitali ya Memorial Sloan-Kettering, New York, walipitia habari za wagonjwa 670 waliotibiwa hapo kati ya miaka 1975 na 1996. Katika mambo mengi waliyoyapima, matano yalibaki na nguvu ya kubashiri. Mawili yalitoka nje ya damu: udhaifu wa mgonjwa, yaani kupata chini ya 80 katika kipimo cha Karnofsky chenye alama 100, na kutoondolewa figo lenye uvimbe. Matatu yalikuwa ya damu: himoglobini iliyo chini ya kiwango cha kawaida, kalisi iliyozidi miligramu 10 katika desilita moja, na kimeng'enya cha laktati dehidrojenasi kilichozidi mara moja na nusu ya kiwango cha juu cha kawaida. Kimeng'enya hiki kilikuwa na historia yake. Otto Warburg alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1920 kwamba chembe za saratani huchoma sukari kwa namna isiyo ya kawaida na kutoa asidi ya laktiki kwa wingi.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi kama ya mtoto wa shule. Kila jambo baya lilipewa alama moja. Asiye na alama aliwekwa katika kundi la kwanza, mwenye moja au mbili katika kundi la kati, mwenye tatu au zaidi katika kundi la mwisho. Nusu ya wagonjwa wa kundi la kwanza waliishi zaidi ya miezi 20. Katika kundi la kati muda huo ulikuwa miezi 10, na katika la mwisho miezi 4.

Urahisi huo ndio ulioipa hesabu mamlaka. Haikudai mashine mpya wala maabara ya pekee. Mganga yeyote mwenye majibu ya kawaida ya damu na kalamu aliweza kuitumia. Watafiti nao walipata lugha ya pamoja: tangu hapo dawa mpya iliweza kujaribiwa kwa makundi yanayofanana, badala ya kulinganisha mgonjwa mwenye nguvu na mgonjwa aliyekwisha kulemewa.

Mwaka 2002 kundi lile lile lilirudia kazi kwa wagonjwa 463 waliotibiwa kwa interferoni. Alama za damu zilibaki zile zile, bali nafasi ya figo lisiloondolewa ilichukuliwa na muda usiotimia mwaka mmoja kati ya kugunduliwa kwa ugonjwa na kuanza kwa tiba. Miezi nayo ilibadilika: 30, 14 na 5. Hapa pana funzo ambalo halikuonekana mara moja. Alama za damu hazikubadilika. Kilichobadilika ni wagonjwa waliohesabiwa na tiba waliyoipata. Kumbe namba haikuwa tabia ya ugonjwa peke yake.

4. Tiba mpya, hesabu mpya

Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006, Marekani iliidhinisha dawa mbili, sorafenibu na sunitinibu, zinazozuia uvimbe usijitengenezee mishipa ya damu. Dawa hizo zilitokana na elimu mpya. Mwaka 1993 jini lililoharibika katika ugonjwa wa kurithi wa von Hippel-Lindau lilipatikana, nalo likaonekana limeharibika pia katika saratani nyingi za figo za aina ya kawaida. Jini hilo linahusika na namna chembe zinavyotambua upungufu wa oksijeni. Elimu hiyo ya oksijeni ndiyo iliyowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Je, alama za zamani zingefaa kwa dawa mpya? Daniel Heng, akifanya kazi Calgary nchini Kanada, aliwakusanya waganga wa hospitali mbalimbali katika ushirika unaojulikana kwa herufi IMDC. Mwaka 2009 walichapisha hesabu ya wagonjwa 645. Himoglobini na kalisi zilibaki. Laktati dehidrojenasi iliondoka. Mahali pake ziliingia alama mbili za chembe: wingi wa nyutrofili, ambazo ni askari wa kwanza kati ya chembe nyeupe, na wingi wa chembe sahani. Pamoja na udhaifu wa mgonjwa na ule muda usiotimia mwaka, mambo yakawa sita. Hesabu hiyo ilipopimwa tena kwa wagonjwa wa hospitali nyingine, mwaka 2013, nusu ya wagonjwa wa kundi la kwanza waliishi zaidi ya miezi 43.2, wa kundi la kati miezi 22.5, na wa kundi la mwisho miezi 7.8.

Hatua iliyofuata ilibadili kazi ya ubashiri wenyewe. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio liitwalo CheckMate 214, lililolinganisha sunitinibu na dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu na ipilimumabu. Kati ya wagonjwa wa makundi ya kati na ya mwisho, asilimia 75 ya waliopata dawa za kinga walikuwa hai baada ya miezi 18, kwa kulinganishwa na asilimia 60 ya waliopata sunitinibu. Katika kundi la kwanza, kinyume chake, uvimbe ulipungua mara nyingi zaidi kwa sunitinibu. Tangu hapo alama za damu hazikuwa tena habari ya kumwambia mgonjwa tu. Zilianza kuingia katika uamuzi wa dawa atakayopewa. Aliyebashiri amekuwa pia mwenye kuchagua, na kosa la kusoma limekuwa ghali zaidi.

Katika miaka hii alama iliyokosekana tangu mwanzo nayo imeanza kujitokeza. Protini iitwayo KIM-1, iliyojulikana tangu mwaka 1998, hutolewa na mirija ya figo iliyojeruhiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, kutokana na damu iliyohifadhiwa ya watu wa Ulaya, ulionyesha kwamba protini hiyo huwa imepanda hata miaka kadhaa kabla saratani ya figo haijagunduliwa. Hata hivyo, ile hesabu ya kawaida ya chembe na himoglobini haijaachwa.

5. Kawaida ya nani?

Katika hesabu zote hizo kuna neno moja linalopita bila kuulizwa: kawaida. Himoglobini iliyo chini ya kawaida, nyutrofili zilizozidi kawaida. Kawaida hiyo ilipimwa wapi, na kwa damu ya watu gani? Hesabu ya mwaka 1999 ilitoka katika hospitali moja ya New York, na ile ya 2009 katika hospitali za Kanada na Marekani. Si dosari ya watafiti kwamba waliwahesabu wagonjwa waliokuwa nao. Lakini anayeichukua hesabu na kuipeleka mahali pengine anachukua pia kawaida yake.

Mfano wa kwanza ni himoglobini. Katika Afrika ya Kati mtu anaweza kupungukiwa damu kwa malaria, kwa minyoo, kwa ukosefu wa chuma katika chakula au kwa selimundu. Mgonjwa wa figo wa Kisangani au wa Lubumbashi anaweza basi kupewa alama mbaya ambayo haikuletwa na uvimbe. Mfano wa pili unavuta upande mwingine. Malaria hupunguza chembe sahani, hata ongezeko linaloletwa na uvimbe likafichika.

Mfano wa tatu ndio wenye kufundisha zaidi. Watu wengi wenye asili ya Afrika ya Magharibi na ya Kati wamerithi hali ambayo chembe zao nyekundu hazina alama ya Duffy juu yake. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba hali hiyo humkinga mtu na aina moja ya vijidudu vya malaria, Plasmodium vivax. Mwaka 2009 ilionekana pia kwamba hali hiyo hiyo ndiyo sababu ya nyutrofili kuwa chache katika damu ya watu hao, ingawa ni wazima. Mtu wa namna hiyo anaweza kuongezewa nyutrofili na uvimbe, na bado asivuke mpaka uliowekwa kwa damu za wengine. Kwa hesabu ya karatasi ataonekana yu katika hali njema kuliko ilivyo.

Mwisho, aina zenyewe za saratani hazifanani. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walieleza aina ya saratani ya figo waliyoikuta kwa wagonjwa 34, wengi wao vijana, na karibu wote wakiwa wamerithi chembe ya selimundu, aghalabu kwa mzazi mmoja tu. Aina hiyo ni adimu sana, lakini ni kali. Hesabu za New York na Calgary, ambazo kwa sehemu kubwa zilijengwa juu ya aina ya kawaida, hazikutungwa kwa ajili yake.

Mifano hii haisemi kwamba hesabu hazifai katika nchi zenye malaria na selimundu. Kinyume chake, kwa kuwa zinategemea vipimo vya bei nafuu, ndizo zinazoweza kufika huko kabla ya vipimo vya majini. Inasema tu kwamba alama haisafiri peke yake. Inahitaji kupimwa upya inapofika.

6. Dalili na hukumu

Kiswahili kina maneno mengi kwa mambo haya, na kuchagua kati yao si mchezo wa wanaisimu. Alama ni kitu kinachoonekana au kupimwa. Dalili ni alama inayoelekeza kwenye jambo lingine. Kutabiri ni neno lenye asili ya Kiarabu linalohusika na kufasiri ndoto, na katika masikio ya wengi bado lina sauti ya nabii na ya mpiga ramli. Kubashiri nalo lilitoka katika neno la kupeleka habari njema, ingawa matumizi ya leo hayachagui njema na mbaya. Hukumu ni jambo jingine kabisa: haina "huenda".

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kila wingu ni mvua. Miezi 4 ya mwaka 1999 haikuwa muda aliopewa mgonjwa fulani. Ilikuwa mahali ambapo kundi liligawanyika nusu kwa nusu, wengine wakafariki mapema zaidi na wengine wakaishi mbali kupita hapo. Mgonjwa anayeambiwa kwa Kiswahili kwamba damu yake "imehukumu" amedanganywa, hata kama kila namba iliyo katika karatasi yake ni ya kweli. Afadhali aambiwe kwamba damu yake imetoa dalili, kwamba dalili hiyo ilihesabiwa kwa watu wa mahali na wakati fulani, na kwamba tiba ikibadilika nayo maana yake hubadilika.

7. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaanzia katika chombo cha kioo cha mtoa damu na kufika katika majaribio ya dawa za kinga. Mambo matatu yamedhihirika. Kwanza, alama zilizodumu si siri za uvimbe bali majibu ya mwili mzima kwa uvimbe: ini, uboho na mifupa ndivyo vilivyosema. Pili, alama zile zile zimebeba miezi tofauti katika miaka 1999, 2002 na 2013, kwa sababu namba ya ubashiri ni zao la ugonjwa, la tiba na la watu waliohesabiwa kwa pamoja. Tatu, mpaka wa kawaida uliowekwa katika nchi moja hauwezi kuchukuliwa kuwa wa binadamu wote kabla haujapimwa.

Hapo ndipo kazi ya maabara inapokutana na kazi ya lugha. Anayepima damu ana wajibu wa kujua kawaida ya watu anaowapima. Anayeyatafsiri majibu ana wajibu wa kulinda tofauti kati ya dalili na hukumu. Wajibu wa kwanza ukitimizwa bila wa pili, mgonjwa atapata namba sahihi na maana isiyo sahihi.